Ruta imeandikwa Gbps 6, kompyuta inaganda kwenye 94: spidi imekwama wapi?

Swali limetoka kwa msomaji wa Shanty Town, Moshi:

"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi nahariri video za wapanda mlima na watalii, na kazi naifanyia nyumbani. Miezi miwili iliyopita nilipandisha kifurushi cha faiba hadi Mbps 500. Shemeji yangu naye aliporudi likizo kutoka Ujerumani akaniletea ruta iliyoandikwa AX6000, yaani Gbps 6, ina tundu la intaneti la Gbps 2.5. Fundi amekuja amefunga. Kompyuta yangu ya kazi imeunganishwa kwa waya, lakini kila nikipima inaleta 94, haipandi haishuki. Cha ajabu, simu yangu nikiwa sebuleni inaleta 310 kwa Wi-Fi. Chumbani kwa mama mkwe ni 12, na kila siku ni malalamiko. Nimewapigia kampuni, wanasema kwao kuko sawa. Je, wananidanganya? Na nikipandisha kifurushi kivuke Gbps 1, ruta hii itakivuta chote?"

Ndugu yangu, kampuni haikudanganyi, na ushahidi umeuandika mwenyewe kwenye swali lako.

Itazame ile 310 ya simu, yaani Mbps 310, megabiti kwa sekunde (Mbps 1,000 ni Gbps 1). Imetoka kwenye faiba ya barabarani, imeingia kwenye kiboksi cha kampuni ukutani, imepita kwenye kile kiwaya kifupi kati ya kiboksi na ruta, imevuka ruta yenyewe, ndipo ikarushwa hewani hadi mkononi mwako. Kama sehemu yoyote ya safari hiyo ingekuwa imebanwa kwenye 94, simu nayo ingegota hapohapo. Haikugota. Kwa hiyo kutoka nguzoni hadi ndani ya ruta njia ni pana, na ugonjwa uko kwenye kipande kimoja tu, kile cha kutoka ruta kwenda kompyuta ya kazi.

Halafu kuna namba yenyewe. Ungeniambia unapata 80 leo, 130 kesho, na 60 usiku, ningekuwa na maswali kumi ya kukuuliza. Lakini 94 iliyoganda namna hiyo ni kama alama ya kidole cha mwizi. Hiyo ni poti, yaani tundu la kuchomekea waya, iliyokubaliana na mwenzake wa upande wa pili kwenda kwa Mbps 100. Data kwenye waya husafiri ndani ya pakiti, na kila pakiti ina bahasha yake: anwani ya inakotoka na inakokwenda, hesabu ya kukagua makosa, na nafasi ndogo kabla ya pakiti inayofuata. Kwa pakiti ya kawaida, waya hutumia nafasi ya baiti 1,538 ili kukufikishia baiti 1,448 za faili lako. Gawanya uone: asilimia 94 na ushee. Ndiyo maana poti ya Mbps 100 hukupa 94, poti ya Gbps 1 hukupa kama 940, na ya Gbps 2.5 hukupa 2,350 hivi. Zikariri hizo tatu. Siku ukipima ukakuta mojawapo imeganda, usitafute mchawi. Tafuta poti au waya.

Sasa kwa nini poti ya ruta mpya ishuke hadi 100? Ndani ya kebo ya mtandao kuna nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili, yaani jozi nne. Mbps 100 inatumia jozi mbili tu, ya rangi ya chungwa na ya kijani. Gbps 1 na kwenda juu inataka zote nne. Uzi mmoja wa bluu au wa kahawia ukikatika, au usipofika vizuri kwenye kichwa cha plastiki, vifaa vingi havikuambii kitu. Vinajaribu Gbps 1, vinashindwa, vinashuka hadi 100 kimyakimya na taa inawaka kama kawaida. YouTube inacheza, WhatsApp inaita, na mtu anaweza kuishi na tatizo hilo miaka bila kujua.

Usione haya. Mimi fundi wa watu, hapa nyumbani Sakina, Arusha, nilikaa karibu wiki tatu nikigombana na kampuni inayoniletea intaneti. Nilipandisha kifurushi, spidi ikagoma kuvuka 94. Niliandika barua pepe za hasira, nikataja mkataba, nikatishia kuhama. Jioni moja mke wangu anafuta vumbi nyuma ya kabati la televisheni akauliza, "Na hiki kidude kinachowakawaka huku nyuma ni cha nini?" Kilikuwa kiswichi, yaani kigawanya waya wa mtandao, cheupe cha poti tano, cha Mbps 100, nilichokiweka enzi za kifurushi cha Mbps 20 nikakisahau. Nilipowapigia kampuni kuomba radhi, dada wa huduma kwa wateja alicheka kwa adabu sana.

Basi jioni hii fanya hivi, ni kazi ya robo saa. Kwenye kompyuta angalia spidi ya kiungo, ambayo ni tofauti na spidi ya intaneti. Kama unatumia Windows 11, fungua Settings, ingia Network & internet, kisha Ethernet, utaona mstari wa Link speed. Ukikuta 100/100, mwizi amekamatwa mlangoni. Sasa ihamishie kompyuta sebuleni (kama ni ya mezani, pole, lakini ibebe) na uichomeke kwenye ruta kwa kile kiwaya kifupi kilichokuja ndani ya boksi. Ikisoma 1000/1000, kosa ni la kebo inayokwenda chumba cha kazi, au soketi ya ukutani, au kidude fulani kilichojificha njiani kama changu. Ikibaki 100, jaribu poti nyingine ya ruta. Ikigoma na hapo, ni kompyuta. Zile adapta ndogo za USB za bei ya chee mara nyingi zenyewe ni za Mbps 100. Hata ukiwa na adapta ya Gbps 1, ukiichomeka kwenye tundu la USB 2.0 umeifunga kamba mguuni, kwa sababu tundu hilo mwisho wake ni Mbps 480 kwenye karatasi, na kazini hazifiki. Tumia tundu la USB 3.

Nikiambiwa niweke dau, naweka kwenye kebo. Hukusema inapita wapi wala urefu wake, ila nyumba nyingi za mtaa huo nazijua: za zamani, kubwa, dari ziko juu, na darini panya ndio wenye nyumba.

Hapa kwenye kebo naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo pesa za watu wengi wa Moshi na Arusha zinapoliwa. Ukienda dukani utakuta maboksi mawili ya mita 305, yote yameandikwa Cat6, ambalo ni daraja la kebo, moja bei yake kama nusu ya mwenzake. Lile rahisi mara nyingi nyuzi zake si shaba tupu. Ni alumini iliyopakwa ngozi nyembamba ya shaba, na mahali fulani ubavuni mwa kebo utakuta herufi CCA, kama mtengenezaji amekuwa muungwana wa kuandika. Alumini hupitisha umeme vibaya kuliko shaba, na ukiikunja mara kadhaa inakatika. Kwa mita tatu za kutoka ruta hadi televisheni pengine hutaona tofauti. Ikivutwa mita 30 darini, ikapindishwa kona sita, ikapigwa na joto la chini ya bati la Januari na Februari, hapo ndipo jozi moja inaanza kusuasua na vifaa vinashuka hadi 100. Ukiitumia hiyohiyo kupeleka umeme kwa kamera za ulinzi, nyuzi zinapata moto zaidi kuliko za shaba, na huo ni ubishi usiotakiwa kuwa nao juu ya dari ya mbao.

Kuipima dukani ni rahisi. Omba kipande, kwarua uzi mmoja kwa wembe. Shaba tupu ni nyekundu mpaka ndani, ile nyingine inatoa weupe. Nyanyua na maboksi yote mawili, la shaba litakuambia lenyewe kwa uzito. Muuzaji akikuzuia kukwarua, umeshapata jibu.

Kuhusu daraja, usikubali kuuziwa Cat8 kwa ajili ya chumba cha kazi. Kiwango cha Gbps 2.5 na Gbps 5 kilipitishwa mwaka 2016 hasa kwa ajili ya majengo yaliyokwisha kuwekewa kebo za zamani, ili watu wasibomoe kuta. Cat5e ya shaba iliyofungwa vizuri inabeba Gbps 2.5 hadi mita 100. Cat6 inabeba Gbps 5 kwa umbali huohuo, na Gbps 10 hadi kama mita 55. Cat6A inafikisha Gbps 10 mita 100. Nyumba yako, hata iwe kubwa namna gani, haina mita 55 za dari. Cat6 ya shaba tupu inakutosha kwa miaka mingi.

Kilichobaki ni mkono wa fundi. Msokoto wa jozi usifunguliwe zaidi ya sentimita moja na kidogo kabla ya kuingia kwenye kichwa, maana msokoto huo ndio unaozuia jozi moja isiisumbue nyingine. Kebo isifungwe bega kwa bega na waya wa umeme kwa urefu mrefu. Akimaliza, apime kwa kile kitesta cha taa nane, na taa zote nane ziwake kwa mpangilio mbele ya macho yako kabla hujamlipa. Kitesta hicho kinakuambia tu kwamba nyuzi zimeungana. Hakijui kama ni shaba au alumini, ndiyo maana wembe unakuja kwanza.

Tuje kwenye ruta ya shemeji. Namba 6000 si uongo, lakini si ukweli wa mtu anayetaka kupakua faili pia. Watengenezaji wamechukua uwezo wa juu kabisa wa masafa ya GHz 5, ambao ni Mbps 4,804, wakaongeza uwezo wa juu wa GHz 2.4, Mbps 1,148, wakapata 5,952, wakasukuma ikawa 6000. Ni sawa na mwenye daladala mbili, moja inakwenda Marangu kwa kilomita 60 kwa saa na nyingine Machame kwa 40, halafu akatangaza kwamba kwake utasafiri kwa kilomita 100 kwa saa. Wewe utapanda moja tu. Tena hizo 4,804 zinataka kifaa chenye antena nne na chaneli pana ya MHz 160. Simu nyingi zina antena mbili na hutumia MHz 80, na hapo hata simu ya Wi-Fi 6 kikomo chake cha karatasi ni 1,201. Kwa vitendo toa theluthi moja hadi nusu, kwa sababu hewani mmoja anapoongea wengine wote hunyamaza. Hiyo 310 yako inanifanya nidhani simu yako ni ya Wi-Fi 5 yenye antena moja, ambayo karatasi yake ni 433. Kama ni hivyo, imefanya kazi nzuri sana, na si haki kuilaumu ruta.

Sasa geuza ruta uangalie matundu mengine. Tundu la intaneti ni la Gbps 2.5, sawa. Yale manne ya kuchomeka kompyuta, kwenye ruta nyingi za daraja hilo, ni ya Gbps 1 kila moja. Ukilipia Gbps 2, mlango wa mbele utazipokea zote, lakini kila kompyuta ya waya itaona 940 na basi. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili lina pande mbili: nyumba nzima ikitumia kwa pamoja, ruta inaweza kuvuta kifurushi kinachozidi Gbps 1. Kompyuta yako peke yake, hapana. Ukitaka kompyuta moja ivuke 940 kwa waya, unahitaji ruta yenye walau matundu mawili ya Gbps 2.5, moja la kuingiza na moja la kutoa, na kompyuta yenyewe iwe na kadi ya Gbps 2.5 au adapta ya aina hiyo kwenye USB 3.

Kuna mtego mwingine ndani ya ruta, huu huonekana zaidi spidi inapokuwa kubwa. Ubongo wa ruta ya nyumbani ni mdogo. Inaweza kusukuma gigabiti nzima kwa sababu ina njia ya mkato, sehemu maalumu ya chipu inayopitisha pakiti bila kuusumbua ubongo. Ukiwasha udhibiti wa watoto, au ule mpangilio wa kuipa kazi fulani kipaumbele, au orodha ya nani anatumia data kiasi gani, ruta nyingi hulazimika kuifunga njia ya mkato ili zikague kila pakiti. Spidi inashuka ghafla, na hakuna kilichoharibika. Zima vyote, pima, kisha washa kimoja kimoja uone nani anakula. Kwa Mbps 500 ruta yako huenda isitetereke. Ukivuka Gbps 1 lazima uchague.

Kabla hujasaini kifurushi cha zaidi ya Gbps 1, waulize kampuni mambo mawili, na waambie wakujibu kwa maandishi. La kwanza, kiboksi chao cha ukutani kina poti ya spidi gani? Viboksi vingi vilivyofungwa majumbani vina poti ya Gbps 1 kama kubwa yao, na vingine vina poti moja ya Gbps 1 na tatu za Mbps 100. (Ruta yako ingechomekwa kwenye mojawapo ya hizo tatu, simu yako isingeota 310. Nataja kwa ajili ya wasomaji wengine ambao nyumba nzima inagota 94: hamisheni waya kwenye poti ya kwanza kabla ya yote.) Kiboksi cha namna hiyo hakiwezi kukupa zaidi ya 940 hata ulipe mara kumi, na tundu la Gbps 2.5 la ruta yako linabaki pambo.

La pili, faiba yao ni ya kizazi gani? Teknolojia iliyozoeleka majumbani, GPON, inabeba Gbps 2.488 za kushusha na 1.244 za kupandisha, na hizo ni za uzi mmoja unaogawanywa kwa kigawanyaji cha kioo kwenda kwa wateja wengi, mara nyingi 32 au 64. Mtu anaweza kukuuzia Gbps 2 juu ya GPON, lakini amekuuzia karibu chungu kizima ambacho majirani zako nao wanachota. Kizazi kinachofuata, XGS-PON, kina karibu Gbps 10 kwenda na karibu Gbps 10 kurudi, na hapo ndipo kifurushi cha zaidi ya Gbps 1 kinakuwa na maana. Wakisita kukujibu, baki kwenye 500.

Tena kwa kazi yako, mimi ningekushauri ubaki kwenye 500 hata wakijibu vizuri. Fikiria gigabaiti 60 za picha za safari moja ya kilele. Kumbuka gigabaiti ni gigabiti nane, kwa hiyo unasukuma gigabiti 480. Kwa 94 ni saa moja na dakika 25. Kebo ikipona ukapata 470, ni dakika 17. Hapo ndipo nafuu kubwa ilipo, na haikugharimu kifurushi kipya. Kuruka kutoka 470 kwenda 940 kunakuokolea dakika nane na nusu, kwa bili ya kila mwezi. Swali ambalo ungepaswa kuwauliza kampuni ni spidi ya kupandisha, kwa sababu kazi yako ni kuwatumia wateja. Vifurushi vingi hutangaza namba ya kushusha, na ya kupandisha inakaa kwenye maandishi madogo.

Mteja akiwa Ulaya kuna na kikwazo cha umbali. Pakiti ikitumia, tuseme, sehemu 150 kati ya 1,000 za sekunde kwenda na kurudi, ili ujaze Mbps 500 inabidi kompyuta iwe imeachia kama megabaiti 9 njiani kabla ya kusikia kwamba za kwanza zimefika. Programu nyingi hazithubutu kwenye mkondo mmoja. Tumia programu inayopandisha faili kwa mikondo kadhaa kwa pamoja. Na unapopima spidi, pima kwanza kwa seva iliyo nchini, halafu ya Ulaya, uone tofauti ni ya nani. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, watu wengi huku walifungua ruta zao kwa bisibisi bila sababu.

Gbps 2.5 ina kazi nyingine nyumbani kwako, nayo haihusiani na kampuni yoyote. Wahariri wengi ninaowahudumia hapa Arusha wana kompyuta mbili au kijisanduku cha diski cha kuhifadhia kazi za zamani. Kama nawe uko hivyo, spidi inayokuchosha kila siku ni ya kati ya kompyuta na kijisanduku, na hiyo haipiti kwenye bili. Kiswichi cha poti tano za Gbps 2.5 kikiwekwa chumba cha kazi, na vifaa vyote viwili vikiwa na kadi za spidi hiyo, zile gigabaiti 60 zinahama kwa dakika tatu na nusu hivi badala ya nane na nusu za gigabiti moja. Ruta inabaki ilivyo, kwa sababu mizigo hiyo haipandi hadi kwake. Angalia tu ndani ya kijisanduku kuna nini. Diski ya kuzunguka, ile ya kizamani, huandika kama megabaiti 120 hadi 150 kwa sekunde, ambazo ukizidisha kwa nane ni gigabiti moja na kidogo. Ukiweka Gbps 2.5 mbele ya diski moja ya namna hiyo, utasubiri diski. Diski za SSD ndizo zinazofaidi.

Ukifika kupima ndani ya nyumba usitumie tovuti za kupima intaneti. Weka programu ya bure ya iperf3 kwenye kompyuta mbili, moja iwe mpokeaji, nyingine itume. Hapo faiba, kampuni na bahari vimetoka kwenye hesabu, na ukiona 2,350 unajua kebo yako imepita mtihani ambao kitesta cha taa nane hakiujui.

Sasa mama mkwe. Kwa 12 hana kosa kulalamika, na ruta ya Ujerumani haiwezi kumsaidia kutoka sebuleni. Masafa ya GHz 5 yenye spidi yanakufa upesi kwenye ukuta wa tofali za saruji, na nyumba zetu zina nondo madirishani na milango ya chuma. Simu yake inabaki ikishikilia GHz 2.4, ambayo inapenya lakini ni nyembamba na inagombaniwa na majirani. Kama ruta mmeificha nyuma ya televisheni au ndani ya kabati, itoeni, muiweke juu, katikati ya nyumba. Mtapata nafuu, ila siyo dawa. Vile vidude vya kuchomeka ukutani vinavyodaka Wi-Fi na kuirusha tena nisingekununulia hata kwa zawadi, kwa sababu vingi hutumia redio hiyohiyo kupokea na kutuma, na spidi inagawanyika karibu nusu hapohapo. Dawa ni kebo hadi karibu na chumba chake, na mwisho wake kituo kidogo cha Wi-Fi chenye jina na nywila zilezile za ruta. Kama chumba chake kiko kwenye nyumba ndogo ya uani, usipitishe shaba kati ya majengo mawili, pitisha faiba. Huku chini ya mlima radi hazibishi hodi.

Kwa bahati nzuri safari ni moja. Fundi anapanda darini kuvuta kebo mpya ya chumba cha kazi, boksi lina mita 305, basi avute mbili: yako na ya mama mkwe. Akishamaliza, mwambie aishushe na ile ya zamani yote, asiiache huko juu. Ipitishe mkononi mita kwa mita, halafu kwarua uzi wake mmoja kwa wembe na unitumie picha. Nataka kujua kama aliyekubania alikuwa panya au alumini.